Kotmiri ya Kiwandani

Risasi iliyompata mwanangu haikuwa na mlio.
Shebwana aliiyeyusha katika sufuria kongwe ya wali
hapa hapa kiwandani, kati ya kisima na jiko,
akaimimina kwenye vijishimo vya mchanga
ikaganda chubwi, mia kwa siku,
za kuzamishia mishipi ya watu.
Tuliishi kwa uzito huo.
Langoni nzima ilijua: kiwanda cha nyumba yetu
ni kiwanda kweli.

Lali alizipanga kwa ukubwa,
chubwi baba, chubwi mama, chubwi mtoto,
akipotea hesabu hulamba kidole
aanze tena.

Miaka minne na nusu, akaanza kusahau.
Alifu, be, te, the, kisha anakwama kwenye jimu,
jimu ile ile aliyoisoma juzi mbele ya wageni.
Usiku tumbo linamsokota.
Mchana mkali, kama mtu mzima anayedaiwa.
Bi Amria alisema ni jicho. Shebwana alisema minyoo.
Khaltuma wa zahanati hakusema kitu, alitoa damu,
ikaenda Mombasa, siku kumi na moja,
ikarudi karatasi yenye neno moja nililolijua.

“Dawa ya kwanza,” alisema, “ni kuuzima moto ule.”
Nilimsikia nusu.
Nusu ya pili niliijaza mwenyewe, kwa upawa.

Maana mimi ni mtu wa jiko.
Chumvi ikizidi, natia kiazi. Pilipili ikizidi, tui.
Nikadhani na damu ni mchuzi.
“Kotmiri huvuta vyuma,” Bi Amria aliapa,
“na thomu mbichi, na manjano usiyaonee choyo.”
Basi kotmiri kwenye uji. Kotmiri kwenye maharagwe.
Kotmiri, Mola nisamehe, kwenye mkate wa sinia.
Mtoto akanuka bustani.

Fungu sokoni likapanda bei, nikapanda yangu.
Vyombo vilikuwepo: maganda ya betri, meusi,
vyumba sita kila moja, kama yaliumbwa kwa miche.
Niliyasuuza mara moja.
Ikaota, wallahi, kijani cha kumwagisha machozi.

Kipimo cha pili kikazidi cha kwanza.

Khaltuma alikuja kwa miguu, jua la saa saba,
akainama, akakwaruza ukingo wa ganda kwa ukucha.
Hakunigombeza. Aliuliza tu:
“Mama Lali, hii inavuta vyuma kutoka wapi?”

Niling’oa yote, na mizizi yake.
Shebwana alisimama mlangoni na sufuria mkononi
kama aliyeshikwa na kitoto cha watu.
“Tutakula nini?” Sikuwa na jibu, nikaendelea kuchimba.
Udongo, kina cha shubiri, magunia matatu.
Mwenye punda aliuliza ni nini.
Nilipomwambia, akamgeuza punda.
Magunia yangali chini ya ngazi, nimeyafunga turubai,
hakuna aniambiaye pa kuyapeleka.

Shebwana sasa anabeba mawe ya matumbawe kwa fundi,
anarudi mweupe vumbi, ananawa nje kabla ya kumgusa mwana.
Lali anakunywa maziwa. Kuna siku anafika ha,
kuna siku jimu inamfungia mlango.

Na mimi bado naikata kotmiri, ya sokoni,
nimeiosha mara tatu, dakika ya mwisho juu ya mchuzi.
Siidai dawa tena.
Naidai harufu.