Vipimo vya Meja Isingoma

Daftari langu halina siasa.
Lina alama za penseli, doa la mafuta ya cherehani,
na ukurasa mmoja wenye jina lake:
Zakayo Isingoma, Masindi.

Kwanza ilikuwa suti ya kijivu, ya bungeni.
Kiuno thelathini na nane,
kifua cha mtu aliyeshiba kura.
"Mfuko wa ndani uwe mpana, fundi.
Kampala karatasi ni nyingi kuliko maneno."
Nikaupanua. Akalipa nusu.

Kisha akaja na gwanda la serikali mkononi,
nyota kwenye kiganja kama punje za mahindi,
na Kiswahili cha kambini:
"Weka uzi ile nguvu."
Mimi mtoto wa Bombo, baba alipiga tarumbeta jeshini;
nilimwelewa.
Thelathini na sita.

Daraja la Kafu likafungwa.
Redio ikapiga bendi kutwa, bila habari.
Mkewe, Kabahenda, akauza magodoro,
akauza na ile meza ya wageni.

Usiku mmoja alibisha kwa kucha.
Niliweka taa chini ya cherehani.
"Fumua nyota. Shona hiki."
Kitambaa kidogo, alama ya watu wa msituni.
Sikuuliza; fundi huuliza urefu tu.
Mkanda alikuwa ameutoboa kwa msumari.
Thelathini na moja.
Alipogeuka kutoka sikumwita Meja,
nilimwita Araali,
empaako aliyopewa kabla ya kura na bunduki.
Alisimama mlangoni, mvua ikimlowesha bega jipya,
kisha akaenda.

Sokoni walisema ndumilakuwili.
Wengine walisema ana macho ya mbali.
Wote walikuwa wamekula harusini kwake.

Walimleta na lori, wakamlaza ghala la pamba.
Luteni kijana aliniita: "Mzee, huyu ni wa upande gani?
Tujue kama ni mizinga au ni shimo."
Nikageuza bega la gwanda kwenye mwanga.
Matundu ya sindano yangu ya kwanza.
Matundu ya sindano yangu ya pili.
Na juu yake mshono wa tatu,
uzi mwekundu, umepinda, wa mkono nisioujua.

Nakiri: kabla ya huzuni
niliona wivu.

"Upande gani?"
"Wangu," nikasema.
"Bado nusu ya suti."