Rafu ya Tatu

Bunduki ya Wendell Kratz iko rafu ya tatu,
kati ya baiskeli iliyoibwa Machi na msumeno wa umeme.
Nimeifunga kadi shingoni kwa uzi mweupe:
nambari ya kesi, tarehe, sahihi yake iliyolala upande
kama ya mtu aliyesaini huku akitazama mlango.
Mimi ni karani wa ghala la mahakama, kaunti ya Tolliver, Montana.
Napokea. Natunza. Narudisha nikiambiwa.
Sihukumu.

Kila Alhamisi, kabla ya zamu yake ya hospitali,
Odessa huja na theluji viatuni.
Haniulizi habari za Katiba.
Huniuliza, "Bado ipo?"
Namwambia ipo.
Hushusha pumzi, hununua kahawa kwenye mashine,
huiacha nusu juu ya meza yangu.

Huko mjini, maili mia mbili kutoka hapa,
mawakili wanabishania koma.
Silaha ilipewa sentensi moja katika Katiba,
nayo sentensi ina koma za kutosha kumkwaza mtu mzima.
Wanasema: leteni sheria ya kale inayofanana na hii,
ya enzi za mishumaa na kalamu za unyoya,
iliyomnyang'anya mume bunduki kwa sababu ya kofi la nyumbani.
Msipoiona, haki yake haiguswi.

Binti yangu Maren, anayesomea sheria,
alinisomea hoja hiyo kwa simu nikimenya viazi.
Nikasema: mwanangu, wataitoa wapi?
Enzi zile kofi la mume lilihesabiwa malezi.
Mke alikaa ndani ya jina la mumewe
kama sarafu ndani ya mfuko wa koti.
Nani angeitungia sheria jeraha lisilo na jina?
Wanamtafuta shahidi katika kitabu
ambacho hakuruhusiwa kushika kalamu yake.
Maren akanyamaza. Kisha: "Mama, liandike hilo."
Basi naandika.

Lakini niseme na la upande wa pili, maana Wendell namjua.
Bunduki ile ilikuwa ya babu yake;
kitako kimelika pale shavu linapoegemea.
Ndiyo iliyowalisha kulungu
majira ya baridi kiwanda cha mbao kilipofungwa.
Siku ya amri alisimama bila wakili,
dakika kumi na moja, nilizihesabu saa ya ukutani,
na nyuma yake foleni ya kesi imefika korido.
"Leo yeye, kesho nani?" huuliza kaka yangu,
naye hajawahi kumwinulia mtu mkono.
Sina jibu la kumpa. Swali lake si la kipumbavu.

Husemwa sheria ni msumeno,
hukata mbele, hukata nyuma.
Mimi msumeno ninao, rafu ya tatu,
na waya wake haujachomekwa popote.

Kwenye faili kuna picha nne.
Tatu ni za Odessa; sizielezi.
Ya nne ni ukuta mtupu, ungedhani imepigwa kwa bahati mbaya,
hadi uone tundu juu ya kitanda cha mtoto,
upana wa kidole gumba
kutoka kwenye kibandiko cha dinosaria anayecheka.
Katika kurasa tisini za mawakili
ukuta huo haukutajwa.
Haukuwa sehemu ya swali.

Uamuzi utakuja, labda kabla ya theluji kuyeyuka.
Ukisema rudisha, nitarudisha.
Ni mimi nitakayeukata uzi,
nitakayemkabidhi kwa mikono miwili, kama mkate.
Naye atasema asante, maana ana adabu,
alikuwa na adabu tangu shule.

Kisha itafika Alhamisi.
Nitasikia viatu vikikung'utwa mlangoni,
kimoja, halafu cha pili.
Nimekwisha kuijaribu sentensi nitakayomwambia,
nimeipanga, nimeipangua.
Koma ninazo.