Gome la Tatu

Mwaloni huu umepakwa nne, kwa rangi nyeupe,
maana tuliuvua gome elfu mbili na kumi na nne.
Leo Iolanda ataivua hiyo nne pamoja na gome lake,
kisha tutapaka tatu.
Miaka tisa, tena miaka tisa. Hapa Alentejo sheria haitaki haraka,
na namba hushuka moja kila tunaporudi,
kana kwamba mti unahesabu kwenda chini
kile ninachokihesabu mimi kwenda juu.

Saba ilipopakwa nilikuwa na miaka kumi na tisa,
shoka la kuazima, nguvu tele zisizojua pa kwenda.
Nilipiga kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake,
nikapenya hadi kwa mama:
ndivyo tunavyoliita gome la ndani, jekundu, lililo hai.
Custódio alinitukana hadi mchana,
akamtukana na nyumbu aliyenibebea maji.

Gome la kwanza halifungi chupa. Gumu, lina nyufa, husagwa.
La pili nalo bado.
Hilo sikuambiwa.
Au niliambiwa, masikio yakiwa bado hayajaota.

Sita: nilijiita fundi,
kumbe nilikuwa mwepesi tu.
Jioni nilihesabu mabamba yangu kwa sauti
ili mwenzangu wa upande wa pili wa shina asikie.

Tano. Ah, tano.
Mwaka huo mti ulitoa gome lake la kwanza la maana,
laini, la kulinda mvinyo wa kulazwa miaka ishirini,
na mwaka huohuo nilifanya kazi mbovu kuliko zote maishani.
Walikuwa wamenipa usimamizi: daftari, simu, kofia safi.
Nilidhani cheo ni kupiga shoka kwa mdomo.
Nilifoka, na wanaume wazima wakaninyamazia
jinsi unavyomnyamazia mbwa wa jirani.
Zulmira alichovya mkate kwenye mchuzi wa giligilani,
akasema bila kuinua macho:
"Hata nyumbani umesimamia, Adérito. Keti."
Ilinichukua miezi kuketi. Nadanganya. Miaka.

Nne siikumbuki vizuri, baba alikuwa anakufa.
Niliomba nirudishiwe shoka langu,
mshahara ukapungua, wakasema nimeshuka.
Lakini ndipo niliposikia.
Shoka husema: likilia kama mtungi mtupu,
gome liko tayari kuagana na mti;
likitoa mlio mfupi, mkavu, ngoja.
Miaka ishirini na saba kazini, na mlio ulikuwapo siku zote.

Iolanda ana miaka ishirini na mitatu. Alisomea uhasibu, akauacha.
Anapiga mara moja, anatega sikio.
"Bado," anasema,
na mimi nilikwisha kusema "sasa."
Tunasogea mti mwingine. Tunarudi baada ya chakula.
Yeye ndiye aliyekuwa sahihi; bamba linatoka zima, refu kama mlango.

Chini yake kidole chake kinakuta kovu, limefura kama mdomo uliopigwa.
"Mshenzi gani huyu?"
"Mimi."
Anacheka mpaka ngazi inatikisika.

Kisha anachovya brashi, anaandika tatu.
Imepinda, na rangi inachuruzika kuelekea mizizini.
Ikifika mbili nitakuwa na sitini na nne, magoti yakipenda.
Anauliza kama aifute aandike upya.
Namwambia aiache ikauke.