Juu Wapi?

Bituro, mwanagenzi wangu, ndiye aliyeuliza.
Tulikuwa Kirumba, nyuma ya ghala la barafu la Lugwisha,
friji limelazwa ubavu kama ng'ombe wa kuchinjwa,
nami nikakata mrija kwa koleo, kama nilivyofunzwa,
kama nilivyokata miaka kumi na tisa:
pssss.

"Inaenda wapi, fundi?"
"Juu."
"Juu wapi?"

Nikatazama. Korongo kasimama juu ya bati,
mabega kayapandisha kama mdai wa kodi.
"Juu tu," nikasema. "Lete spana."

Usiku ule sikulala.
Msinipambe, si dhamira; ni mbu wa Mabatini.
Ila kati ya mbu na mbu
ile *pssss* ilirudi sikioni.

Nikasikia kuna ofisi, karibu na Makoroboi,
inaandikisha watu kwa kazi za mazingira.
Nikanyoosha shati. Cheti nikakitia bahasha ya kaki.
Kijana wa mezani hakuifungua.
"Umewahi kupanda miti?"
"Mpapai mmoja. Ulikufa."
"Kung'oa magugu maji?"
"Natengeneza mafriji."
Akafikiri kidogo, kalamu mdomoni,
akaniandika kwenye safu ya Mengineyo.

Mengineyo!

Nikarudi kwa miguu, nikasimama darajani Mirongo.
Maji yamebeba ndala ya mguu mmoja,
povu la sabuni, mafuta yenye rangi za upinde,
vinashuka ziwani bila haraka, kama wenye nauli.
Mto huu haukupita ofisini kwa yule kijana.
Umepita nyuma ya gereji, nyuma ya saluni,
chini ya dirisha la mhasibu anayepitisha hati
ya bomba la bei nafuu,
na kila mtu ameutilia chake
kwa mkono uleule unaomlisha.

Mchawi mpe mwana akulelee, walisema.
Nikautazama mkono wangu.
Una kovu la gesi, jeupe, hapa kwenye kidole gumba.
Mchawi nimemwona. Mwana je, nani atanipa?

Hakuna aliyenipa. Nilijipa.

Kwa Nkwabi wa vyuma chakavu nikanunua kompresa
iliyong'olewa kwenye friji la marehemu fulani,
mtungi mzima, geji, mipira miwili.
Wiki tatu tukaunganisha, tukavuja, tukaunganisha.
Bituro akaziba palipokuwa pananishinda;
vidole vyake ni vyembamba, na hasira zake ni fupi.

Siku ya kwanza, dakika arobaini.
Lugwisha akaja na saa yake mkononi:
"Sangara wangu wanalegea, fundi,
na wewe umekaa unanyonyesha mtungi?"
Akanikata elfu tano. Sikubisha sana.
Mti ukipandwa hupigwa picha, mgeni rasmi akishika jembe;
gesi ikikamatwa hakuna cha kupiga.
Kinachoonekana ni mtu mzima kachuchumaa
akisikiliza chuma kikikohoa.

Tukaupima mtungi kwenye mizani ya samaki,
tukatoa uzito wa chuma chenyewe.
Kilo moja na robo.
Mama mmoja wa dagaa, ndoo kichwani, akasimama:
"Mnauzaje hicho?"
"Hakiuzwi, mama."
"Basi mnapimia nini?"

Nilitaka kumjibu. Nikakosa neno,
maana nililokuwa nalo lilikuwa refu
na ndoo yake ilikuwa ikivuja.

Bituro alikuwa amekaa juu ya kreti.
Kwenye daftari la mahesabu, baada ya spea na nauli,
akapiga mstari kwa rula ya kipande cha bati,
akaandika 1.25,
na juu ya safu ile mpya, kwa herufi kubwa zilizopinda:

HAIKWENDA.