Futari ya Ukoka

Shaabani nzima watu walioana kana kwamba wachumba wanaisha dukani.
Harusi saba kwenye uwanja mmoja wa Bi Shamsa, Shela ya Malindi:
mahema, vigingi, viti vya plastiki mia tatu,
na lori la jenereta lililorudi kinyumenyume
juu ya ukoka, polepole, kama mtu anayefuta deni.
Wapiganapo tembo, tunaambiwa, nyasi huumia.
Hapa hapakuwa na tembo.
Walikuwa mashangazi, na visigino vyao, na furaha tupu,
na nyasi ziliumia vilevile.

Mwezi ulipoandama, mahema yakaondoka,
mimi nikabaki na mpira wa maji.
Nikamwagilia. Maji yakasimama.
Yalisimama juu ya udongo kama wageni wasiokaribishwa ndani,
yakaota jua, yakafuga mbu, yakakauka,
yakaacha utando mweupe wa chumvi ya kisima.
Nikachimbua kidogo kwa kisu: chini, vumbi.
Kumbe na ardhi imefunga,
ila saumu yake haina magharibi:
maji yako mdomoni, koo limezibwa.

Bi Shamsa alisema: tia mbolea.
Jirani alisema: tia maji zaidi.
Mume wangu, ambaye hajawahi kuotesha hata mchicha,
alisema: mwageni saruji, yaishe.

Nilikwenda Maweni kwa fundi Bwanaheri.
Nikamwomba vipande vinne vya bomba la nusu inchi,
avikate ncha mshazari kama kalamu ya mwanzi,
avichomelee kwenye chuma, aweke mpini.
"Mbodze, unachimba dhahabu?"
"Natafuta pa kupitisha upepo."
Akanitoza mia nne, kicheko bure.

Kanyaga, yumbisha, chomoa.
Kanyaga, yumbisha, chomoa.
Shimo na mwenzake shibiri moja,
kina chake kidole cha kati.
Chuma kilitema vipande vya udongo,
vikalala juu ya nyasi kama mavi ya mbuzi aliyeshiba.
Siku ya pili kiganja kilitoa malengelenge.
Siku ya tatu nilijua kwa unyayo
mahali lilipokaa jukwaa la bibi harusi wa tano:
chuma kiligoma, kikalia kama kimegonga sahani.
Hapo nilikirukia kwa miguu yote miwili.

Saa kumi Bi Shamsa alitokea roshani, midomo mikavu.
"Wewe! Umezitoboa nyasi zangu kama zina ndui!"
Nami sina maneno ya shule.
Nilisema, "Mama, nimezifungua."
Akanitazama. Kama ni neno lile au ni njaa, sijui.
"Zikifa, ni mshahara wako," akarudi ndani.

Nikavipondaponda vile vipande,
nikaleta toroli tatu za mchanga wa Sabaki,
nikafagia mchanga mashimoni, nikipiga hesabu
ya mshahara, ya karo, ya deni la unga.

Muadhini alipoanza, nilifungua bomba.
Ndani, kikombe kiligonga meza.
Nje, maji yalifika ukingo wa shimo la kwanza,
yakasita,
yakaingia.
Kisha la pili. Kisha sikuweza kuhesabu.
Nilipiga magoti, sikio kwenye majani,
nikasikia kitu kidogo sana,
kama mtoto anayenyonya huku ana usingizi.
Halikubaki dimbwi hata la kunawia kidole.

Siwadanganyi: Idi ilikuta uwanja bado una madoa,
na wageni waliulizana ni ugonjwa gani.
Lakini nilikuwa nimefukua shimo moja kwa siri,
nikaona mizizi mipya imeteremka, myeupe, kama uzi
unaotafuta tundu la sindano.
Nikaufunika haraka, kwa aibu, kama niliyemchungulia mtu akioga.

Tarehe tisa Mfungo Mosi simu ya Bi Shamsa ililia.
Akaniita akiwa amefurahi: harusi, Ijumaa, watu mia nne.
Nikakitazama chuma changu nyuma ya mlango.
"Hongera, Mama," nikasema.
"Jenereta lao lina matairi mangapi?"