Mifuko ya Koti la Harusi

Koti hili halikushonewa mimi.
Babu Feruzi, fundi wa Pumwani, alimshonea bwana mmoja
ambaye asubuhi ya harusi alibadili nia
akapanda treni ya Kisumu na fulana tu.
Babu hakulalamika. Alilitundika mlangoni,
akaandika kwa chaki: LAKODISHWA.

Tangu siku hiyo limeoa mara mia mbili na kumi na moja.
Mimi niliyelirithi ni kapera.

Likirudi, mifuko hupekuliwa: babu, kisha baba, sasa mimi,
na vilivyosahauliwa vyote vimo ndani ya kopo la Kimbo.
Obiero wa reli, mwaka hamsini na sita,
aliacha barua ya mahari:
ng'ombe watano wamefika, wawili wana mimba, wahesabiwe wanne,
"na huyo wa nane yuko njiani kwa miguu, msimngoje kula."
Nasikia wajukuu bado wanamngoja.

Wambua aliacha kizibo cha debe.
Padri alikuwa amekataza pombe; mafuta taa hakuyataja,
na Makadara nzima inakiri
kwaya haijawahi kuimba vile, kabla wala baadaye.

Gachomba, themanini na nne, alituachia deni la mbuzi.
Wasichana sita wamefunikwa leso gubigubi:
haya bwana arusi, mtoe wako!
Akamshika shangazi mtu. Faini, mbuzi.
Akamshika jirani aliyekuja kuazima chumvi. Mbuzi tena.
Mara ya tatu bibi arusi akakohoa,
maana alimjua mtu wake,
na mbuzi walikuwa wanakwisha.

Bibi yangu, Bi Mgeni, somo wa Majengo,
hucheka nikimsomea haya.
"Sisi mwali tulimfungia ndani siku saba," husema.
"Siku hizi anafungiwa saluni saa saba,
na akitoka, mama yake haulizi huyu ni nani.
Anauliza ni shilingi ngapi."

Ikaja video. Mpiga picha akasahau kubonyeza,
maharusi wakaingia kanisani mara tatu,
na kila mara mchungaji akauliza kama yuko mwenye pingamizi.
Mara ya tatu mzee mmoja akafikiri, akainua mkono.
Kanisa likanyamaza, bi arusi akashika ukuta.
Alitaka kujua chakula ni saa ngapi.
Keki ya siku hiyo ilikuwa orofa saba, na daraja juu.
Ya chini ndiyo keki. Sita zilikuwa mbao;
ninacho kipande kimoja, kina alama za meno.

Mwaka wa kafyu iliruhusiwa watu kumi na watano.
Mfukoni nilikuta barakoa na orodha:
wageni kumi na watano, wapishi arobaini na wawili,
wapishi wote shangazi.

Na mwezi jana tu, kamati imekaa vikao kumi na vinne,
imechangisha kwa simu hadi tukazima simu,
ikanunua droni ipige picha kutoka mbinguni.
Korongo wa Nyayo aliiona inamzunguka,
akaipokea kama mkwe aliyekuja mikono mitupu.
Koti lilirudi na bawa la plastiki mfukoni. Na unyoya.

Jana Naliaka wa Jericho alikuja kumkodia kaka yake.
Akapima mabega kwa shubiri, akabisha bei, akalipa,
kisha akasema, macho yako kwenye vifungo:
"Na mtu wa kulijaza, naye hukodishwa?"

Mganga hajigangi. Nilimjibu nitamuuliza mwenyewe.

Usiku nililivaa, kwa mara ya kwanza.
Mikono mifupi. Kifua hakifungi.
Mia mbili na kumi na moja limewatosha, mwenye nalo limemkataa.
Asubuhi nikachukua kitambaa, nikafuta chaki mlangoni,
herufi mbili tu,
nione kwanza.