Kabla ya Msasa

Bi Mkasi hakutaja bei. Alitaja kuku:
"Mtetea wangu hutagia pale, kwenye karia.
Ukiichukua, mjengee tundu."
Basi nikagonga misumari kwanza, Kiuyu, jua la utosi,
ndipo akazipokea elfu thelathini, akazihesabu mara mbili.

Sasa imelala chali uani kwangu, Wete.
Ringi ya nyuma imeliwa na chumvi, spoki kumi na moja hazipo.
Mnyororo nimeuinua, ukasimama kama fimbo.
Kengele imejaa mchanga na maganda ya mayai.
Lakini breki ni za vyuma, si za waya. Hizo siziachi.

Fundi Faki kaigonga fremu kwa kidole,
akatega sikio kama mtu achaguaye nazi.
"Mifupa ipo," kasema. "Nyama utatafuta mwenyewe."

Usiku nikakwaruza rangi kwa ukucha.
Chini ya nyeusi, kijani;
chini ya kijani, nyeusi nyingine, ya kwake marehemu.
Na usukani umelika upande mmoja tu, wa kushoto,
anaposhika mtu atembeaye kwa miguu
akisukuma gunia mlimani.

Kumbe hakuipanda sana.

Hapo msasa haupiti.